Kiti cha Pili na Taa Yake

Waswahili husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi niliushiriki karibu miaka miwili, tena kwa bidii, na sikukonda hata kidogo. Niliongezeka. Nasema hivi mapema ili mtu asije akanihurumia kwa jambo ambalo halikutokea.

Niliyemwonea wivu kwanza hakuwa mtu, ilikuwa kompyuta. Ilikuwa miaka ya tisini, mashine hizo zilipoanza kuonekana mjini Nyeri, zikifunikwa kwa vitambaa vya kufumwa kama redio za zamani na kuwekwa mbali na dirisha zisipate vumbi. Watu waliingia chumba chenye kompyuta wakinyata. Mume wangu aliingia humo na ndege yake, mimi nikabaki nje.

Ndege, ndiyo. Iliruka baadaye kutoka uwanja wa Mweiga, na wapo watu wanaoisimulia safari hiyo vizuri kuliko mimi, hasa wale ambao hawakuwapo. Mimi nasimulia kiti.

Mume wangu alikuwa fundi wa pampu na injini. Kazi ilimpeleka sana Doldol na mashamba makubwa ya Laikipia kutengeneza pampu za visima vya mifugo, na katika shamba moja alimkuta mzee wa Kizungu mwenye ndege ndogo aliyoiunda mwenyewe: mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, mbao nyepesi, na kitambaa juu yake. Mume wangu akamtengenezea injini. Yule mzee, kwa kushukuru, akampa michoro ya zamani ya ndege ya aina ile. Alirudi nyumbani kwetu Skuta, pale Nyeri, na bunda la karatasi kwapani, akala bila kujua anakula nini, kisha akaniambia kwamba tutatengeneza ndege. Alisema "tutatengeneza". Neno hilo nililiweka moyoni.

Na kweli, mwanzoni ilikuwa yetu. Mabawa ya ndege ya namna hiyo huvishwa kitambaa kama mto unavyovishwa foronya, na mwenye cherehani alikuwa mimi. Nilikuwa na duka la ushonaji mjini. Nilishona nguo za watu, na kwa kuwa Nyeri ni baridi na shule ni nyingi, nilifuma masweta pia. Jumapili baada ya kanisa tulitandaza karatasi yangu ya kaki kwenye meza yangu ya kukatia, naye akachora mbavu za bawa kwa chaki yangu, kwa ukubwa wake halisi. Nilimwonyesha tunavyokunja kitambaa mara mbili ili mkono wa kulia na wa kushoto itoke kwa mkato mmoja. Alifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Siku hiyo alinisifu mbele ya mama yake, jambo ambalo si la kila siku.

Shida ilianza alipotaka kiti cha pili. Michoro ya yule mzee ilikuwa ya ndege ya mtu mmoja. Mume wangu akasema ataipanua, viti viwili vikae bega kwa bega. Hakusema cha pili ni cha nani, nami sikuuliza. Mke wa mtu anauliza nini hapo? Lakini ukipanua kiti umepanua ndege nzima: mabomba yanabadilika, uzito unahama, bawa linataka kusogezwa. Alifuta na kuchora upya mpaka karatasi ikatoboka. Ndipo mtu akamwambia kuhusu dada mmoja wa Majengo.

Dada huyu nilimjua, nilimshonea nguo za Idi. Alikuwa mzaliwa wa Majengo, mtaa wa Waislamu pale mjini, ambao mababu zao walitoka kila upande hata wenyewe huwa hawamalizi kuhesabu. Miaka mingi alikuwa amechora ramani za mabomba ya maji ofisini, kwa kalamu na rula. Alipoacha kazi alinunua kompyuta yenye programu ya kuchorea, akaiweka chumba cha nyuma cha duka la kaka yake, akawa anawachorea watu ramani za nyumba. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mwendo wa taratibu. Na alikuwa na Kiswahili. Mimi wakati huo nilisema "kitabu yangu" na "niko na njaa" kama watu wote wa kwetu, na sikuona kasoro. Yeye akifungua kinywa, hata salamu ilikuwa imepigwa pasi.

Mara ya kwanza nilikwenda kwake na mume wangu. Skrini ilikuwa nyeusi, na juu yake mistari ya rangi: mabomba ya njano, mbao za buluu, nyaya za taa nyekundu. Dada akaandika maneno machache, bawa moja likajikunja na kuzaa la pili upande wa pili, sawasawa kabisa. Mume wangu akaguna kwa furaha. Ilikuwa mbinu ile ile ya kitambaa changu kilichokunjwa mara mbili, lakini hakunitazama. Nilitaka kumkumbusha, nikaona haya. Nilitoka nikasema nina wateja.

Kuanzia hapo nyumbani kwangu aliingia mtu wa tatu anayeitwa "dada amesema". Dada amesema bawa lisogezwe nyuma kidogo. Dada amesema betri ikae chini ya kiti. Nilikuwa nikipakua githeri, mahindi yetu na maharagwe, na dada anasema. Namwambia paa linavuja chumba cha watoto, anajibu kwamba dada amesema alumini ni nyepesi.

Kilichonichoma zaidi ni taa. Rangi ni kazi yangu, mtu asinifundishe rangi. Kwanza niliuliza kama ndege hii itaruka mchana peke yake, taa ni za nini. Akaeleza kwamba ukungu wa mlimani unashuka bila hodi, na kuna ndege zinazotoka Nanyuki, lazima zimwone. Hilo nililikubali. Nikamshauri basi aweke taa ya njano chini ya tumbo, kwa sababu hata matatu na malori ya kwetu yakipita kwenye ukungu huwasha njano. Aliitikia vizuri. Jioni iliyofuata akarudi kutoka Majengo na jibu: nyekundu bawa la kushoto, kijani la kulia, nyeupe mkiani, na moja nyekundu ya kumeta mgongoni. Dunia nzima ni hivyo, rubani akiona rangi anajua wewe unaelekea wapi. Njano haimo.

"Na ni nani amesema haimo?" nikauliza, kama sijui.

Alikuwa amekwisha kununua taa za pembeni za lori kwenye duka la vipuri, akakata na kusugua vioo vyake usiku kucha ili vikae vizuri kwenye ncha ya bawa. Kijani hakikupatikana, ikabidi apake rangi kioo cheupe, mara tatu, mpaka dada aliporidhika. Aliporidhika dada! Mimi ninayeweza kutofautisha buluu za shule nne tofauti nikiwa nimefumba jicho moja.

Basi siku moja, duka limejaa akina mama wa kufungua shule, mume wangu akaingia, akachukua futi yangu ya kupimia mezani na kusema, "Mama, simama hapa nikupime kidogo."

Ni lazima nieleze kitu. Mimi hupima watu, lakini sipimwi. Tangu mtoto wa tatu nguo zangu nazikata kwa macho, na macho yangu yana huruma kuliko futi. Na pale palikuwa na akina mama sita wakinitazama.

"Mimi ni mbao?" nikamwambia. "Toka kwa duka yangu."

Akina mama wakacheka. Akarudisha futi, akatoka. Hakusema alitaka kunipima kwa ajili ya nini, nami kabla ya saa ya chai nilikuwa nimesahau.

Siku chache baadaye akabandika mchoro mpya kwenye ukuta wa kibanda cha ndege, nyuma ya nyumba yetu. Karatasi nyingi ziliunganishwa kwa gundi, na ndege ilikuwa imechorwa kutoka juu, viti viwili wazi. Kisha akaenda Doldol kwenye pampu. Nilikwenda kuwapa kuku mabaki, nikajikuta mbele ya mchoro.

Kiti cha kwanza nilikijua, ni chake. Cha pili kiliandikwa upana wake: milimita mia nne na hamsini. Mshonaji hasomi milimita kama fundi wa pampu anavyosoma. Mshonaji akiona upana wa kitu kilicholazwa, anageuza kuwa inchi, anazidisha mara mbili, anapata mzunguko. Ndivyo tunavyopima nguo ya mfano ambayo mteja ameleta: unailaza mezani, unapima mkato, mara mbili. Sikutaka kufanya hesabu hiyo, ilijifanya yenyewe. Nyonga inchi thelathini na tano na nusu.

Mjini kote nilimjua mtu mzima mmoja tu mwenye mwili huo anayekaa karibu na mume wangu. Nilikuwa nimemshonea gauni Idi iliyopita, nyonga thelathini na tano, na nusu ya kupumulia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na huyu nguo zenyewe nilikuwa nimemshonea mimi.

Kisha nikaona taa. Juu ya kiti cha pili, si cha rubani, palichorwa taa ndogo yenye shingo ya kupinda, na mistari ya mwanga ikishuka kwenye mapaja ya huyo atakayekaa. Pembeni paliandikwa "nyeupe". Ndege ya mchana! Ya mchana, na abiria ana taa yake ya mapajani. Niliwauliza kuku: ni ya kumwangalia uso, au ni ya nini? Nilibaki pale mpaka miguu ikaingia baridi. Roho iliniuma kabisa, sina neno jingine la kulipamba.

Sikumwambia kitu aliporudi. Wako wanawake wanaopiga kelele, mimi huondoa mguu kwenye cherehani. Kitambaa cha mabawa kilikuwa kimefika, kizuri, cheupe, kimelala kwenye rafu yangu. Nikasema nina masweta ya shule. Masweta yakaisha, nikasema sindano za kitambaa kile zimevunjika. Sindano zikapatikana, nikasema mgongo. Miezi ikapita, ndege imesimama kibandani mbavu nje kama mbuzi aliyechunwa, na mume wangu akizunguka nje ya duka langu bila kuingia. Hakuna mwingine mjini ambaye angemshonea, na sote wawili tulijua.

Katika kungoja huko alijishughulisha na uzito. Alitaka kujua ndege itainamia wapi watu wakikaa, basi akaweka gunia la mchele kutoka Kagio kwenye kiti cha pili. Alianza na nusu gunia. Akatazama mizani, akakuna kichwa, akaongeza. Akaongeza tena, mpaka likawa karibu zima. Niliona yote kupitia dirisha la jikoni. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni mwanamke gani mwembamba anayelingana na karibu gunia zima la mchele. Mimi nililionea wivu gunia. Nilisema moyoni, hata mchele umekaa kabla yangu.

Idi ilipokaribia, dada akaja dukani kupimwa.

Nilimpokea kwa adabu zote, chai ya maziwa na kiti. Nikamzungushia futi nyongani. Thelathini na tano, kama mwaka uliopita, kana kwamba kula kwake kulikuwa kwa kutazama. Akauliza mabawa yamefika wapi. Nikamwambia mgongo. Akasema pole, kisha akasema pengine ningeliona tatizo kwenye mchoro wake, maana mimi ndiye nitakayevisha, na mchoro wa kiti ulikuwa umemtia wasiwasi tangu mwanzo.

"Kiti gani?" nikauliza.

"Chako, dada."

Nilikuwa nimepiga magoti nikimpima urefu wa gauni. Nikabaki chini pale pale.

Akaeleza bila haraka, kama alivyozoea. Alikuwa amemwomba mume wangu kipimo cha abiria. Mume wangu akajibu kwamba abiria amekataa kupimwa na amemfukuza dukani. Siku ya pili akaja na gauni ndani ya mfuko wa karatasi, gauni jeupe la arusi, akalilaza juu ya meza ya kompyuta na kupima upana wa nyonga kwa rula.

"Nilimwambia, gauni likilazwa si mwili wa mtu," dada akasema. "Mtu ana mbele na nyuma, hakai bapa kama mkeka. Ukichukua upana huo, kiti kitakuwa kipana mno kwa mwenye gauni. Akacheka, akasema niache hivyo hivyo."

"Akasema ni kwa nini?"

Alisitasita. Alikuwa mtu wa adabu. "Akasema mama ameongezeka tangu arusi."

Namshukuru Mungu nilikuwa chini, maana sijui ningeuweka wapi uso wangu. Ameongezeka! Kulisema hilo mbele ya nyonga thelathini na tano! Nikamuuliza habari ya ile taa, nikiwa bado nimeshika pindo la gauni lake.

"Hiyo tulibishana," akasema. "Mimi nilimshauri iwe nyekundu. Nimesoma kwamba marubani huipenda, haiwachoshi macho. Akakataa kabisa. Alisema chini ya taa nyekundu huwezi kutofautisha uzi mwekundu na mweupe."

Kwa miaka nilikuwa nimelalamika juu ya mwanga: balbu ya dukani hafifu, stima inayopotea kila mvua, macho yanayoniuma nikifuma jioni. Nililalamika wakati wa kula, nililalamika tukienda kanisani. Sikujua kama kuna aliyesikia. Nilimaliza kupima, nikamsindikiza dada hadi barabarani, na sikumwomba msamaha kwa sababu yeye hakujua kama nimemkosea. Gauni lake la mwaka ule nililishona vizuri kuliko yote.

Kisha nikafunga duka mapema, nikaenda nyumbani, nikashusha sanduku kutoka juu ya kabati. Gauni lilikuwamo, limekunjwa kama turubai la kufunikia lori. Mimi sikunji hivyo. Nikafunga mlango wa chumba na kulijaribu. Lilikwama mapema sana, na sitasema wapi. Nikalilaza kitandani, nikalitazama. Kiuno kile! Msichana aliyelivaa alipanda ngazi za kanisa akikimbia, nami nilikuwa hapo, ndani yake, sikumjali hata kidogo. Ungefikiri ningefurahi kujua ni yeye niliyekuwa nikimchukia ukutani. Sikufurahi. Dada wa Majengo ningeweza kumwacha mjini nikarudi nyumbani. Huyu alikuwa amelala kitandani mwetu, na mume wangu alikuwa amembeba kwenye mfuko wa karatasi mjini kote.

Nilichukua kazi yangu ya kufuma, nikaenda kibandani. Ulikuwa mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye mahindi. Mume wangu alikuwa ameinama akisugua bomba ambalo halikuhitaji kusuguliwa. Aliponiona aliondoa gunia la mchele kwenye kiti bila kuambiwa, akalivuta kando kwa shida. Nikashika bomba, nikapandisha mguu, nikakaa.

Nilikaa sawasawa. Hakikunibana, hakikubaki na nafasi ya kuazima. Miaka yote ya kushonea watu, sijawahi kumkatia mteja kitu kikamkaa vile.

Akafikia betri chini ya kiti, akaunganisha waya. Taa ikawaka juu ya mapaja yangu, nyeupe, na uzi wa sweta ukaonekana rangi zake zote, hata ile nyekundu ya mistari ya shingo. Nilifuma kidogo ili nisiseme. Lakini mimi ni mimi.

"Na huyo wa gauni," nikamuuliza, bila kuinua macho. "Ulimpenda kuliko mimi?"

Alipinda shingo ya taa kidogo, ili isinipige machoni.

"Huyo," akasema, "angepwaya hapa."

Kesho yake nilianza kushona mabawa.